Bao la Dakika ya Sabini na Moja

Jumatatu, 4 Julai 2022

Umande umeganda barafu mpaka saa nne asubuhi. Nimeziba matairi kumi na moja, manne ya malori. Daftari hili lilikuwa la kazi, lakini kuanzia leo litabeba na mambo mengine, maana nisipoyaandika nitayasema, na nikiyasema nimekwisha.

Jana kamati ya klabu yetu ya Ribereño ilipiga kura saba kwa sifuri: jukwaa jipya litaitwa Jukwaa la Heber Lacuesta. Litafunguliwa Jumapili, tarehe 25 Septemba. Kibao cha shaba kitasema: "Kwa kiungo aliyetufungia bao la ubingwa, dakika ya 71, 27 Septemba 1987."

Bao hilo nililifunga mimi.

5 Julai

Mvua. Matairi sita.

6 Julai

Mvua bado. Wateja wawili tu, kwa hiyo naandika yote mara moja nisiyarudie.

Mimi ni Ademar Techera, nimezaliwa hapa Paso Ceibal, nina miaka hamsini na tisa. Nimecheza kiungo Ribereño misimu kumi na minne, mechi 271 kwa hesabu ya klabu, 272 kwa hesabu yangu. Mabao 12 kwa hesabu ya klabu, 13 kwa yangu. Tofauti ni moja na moja, na zote mbili ni za siku ile.

Nusu fainali nilipata kadi ya tano ya njano. Nikafungiwa mechi moja, na mechi hiyo ilikuwa fainali, ugenini Rincón del Molle, kilomita 340. Heber Lacuesta, kiungo mwenzangu, akaamka Jumatano na matubwitubwi, mashavu yamevimba kama maboga. Mwenyekiti wetu wa wakati huo, marehemu don Froilán, akafanya kilichofanywa na kila klabu ya mikoani: akachukua kadi ya uchezaji ya mgonjwa asiyefungiwa akampa mzima aliyefungiwa. Picha kwenye kadi zile zilikuwa ndogo kama stempu. Mimi na Heber wote tulikuwa na masharubu na nywele za mabegani. Nusu ya nchi ilikuwa na sura hiyo. Mwamuzi alitoka mkoa mwingine, akaitazama kadi, akanitazama mimi, akasema, "Haya, Lacuesta, ingia."

Mashabiki wetu hawakufika, mto ulifunika daraja baada ya basi letu kupita. Redio ilisoma majina kwenye fomu. Dakika ya 71 nikapokea mpira hatua ishirini na tatu kutoka golini, nikapiga kwa kushoto, ukaingia pembeni juu. Kipa wao, Nery Bentancor, hakuruka hata kidogo. Moja bila. Ubingwa wa kwanza na wa mwisho wa Ribereño.

Tulikuwa watu kumi na tisa kwenye basi, na wote tuliapa. Tulipokaribia mji, Heber alikuwa anatusubiri kituo cha mafuta, amejifunga skafu mpaka puani. Akapanda basi. Dakika kumi baadaye alikuwa mabegani mwa mji mzima. Mimi niliyefungiwa, niliyesemekana nimesafiri kubeba maji, nilishuka na ndoo. Watatu kati ya waliombeba waliugua matubwitubwi. Ndiyo haki pekee iliyotendeka wiki ile.

Baada ya siku kumi na sita akaja mtu wa klabu ya mji mkuu kumtafuta "yule namba nane wa kushoto". Heber alinishika mkono nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo akaniambia, kwa jina langu la utani, "Mashoto, nikifika tu, wa pili ni wewe. Namwambia kila kitu." Alifika. Alicheza huko misimu tisa, mechi 203. Mimi nilisubiri misimu miwili, kisha nikafungua kibanda hiki nikiwa na jeki moja na pampu ya mkono.

10 Julai

Tumefungwa mbili bila nyumbani. Viungo wetu wa sasa wanatazama mpira badala ya kutazama uwanja.

Baada ya mechi nilikwenda kwa Bi Nélida, katibu wa klabu, anayejua tarehe ya kuzaliwa ya kila mwanachama na maradhi yake. Akanieleza ratiba ya sherehe: maneno ya mwenyekiti, kufunua kibao, nyama ya kuchoma. Nikasema inakosa kitu. Akauliza nini. Nikasema Heber alirudie bao lile, mahali pale pale, hatua ishirini na tatu. Na golini asimame kipa yule yule aliyefungwa, tumwalike kutoka Rincón del Molle.

Bi Nélida akakunja mikono kifuani. "Ademar, na mimi nilidhani unamchukia Heber."

"Mimi? Namtakia anachostahili."

Akaandika pendekezo.

Nery Bentancor alinitazama usoni kwa dakika tisini. Mwisho wa mechi alinipa mkono. Mimi kiapo changu sitakivunja. Nitamleta mtu ambaye hakuapa.

13 Julai

Kamati imekubali. Saba kwa sifuri tena. Barua imetumwa.

19 Julai

Mvua siku ya nne. Dada yangu Griselda ameleta maandazi yaliyokaangwa kwa mafuta ya ng'ombe, kama kila mvua. Nimekula manane. Mto umepanda sentimita arobaini.

24 Julai

Sare. Mto mita nne na nusu.

2 Agosti

Nery amejibu: anakuja. Barua fupi, mwandiko wa mtu mwenye mikono mikubwa. Nimeisoma mara tatu kisha nikafunga kibanda mapema, jambo nisilolifanya tangu mazishi ya mama.

14 Agosti

Heber amekuja kutoka mji mkuu kutazama jukwaa, na amekuja kwangu.

Kulikuwa na madereva watano ndani wanajikinga mvua, kibuyu cha yerba, chai yetu chungu ya majani, kinazunguka. Gari likaegeshwa, akashuka na koti la ngozi na nywele zilizopakwa rangi nyeusi kuliko alivyozaliwa nazo. Akanikumbatia. Akaniita ndugu yangu. Akakaa kwenye tairi, akapokea kibuyu kama mtu aliyeondoka jana.

Dereva mmoja wa lori la ng'ombe, mgeni wa kusini, akauliza kama ndiye yule wa bao la 87. Heber akanitupia jicho. Nikaendelea kusugua tairi. Nilidhani atasema ndiyo na kubadilisha mazungumzo. Nilikuwa tayari kumvumilia kwa neno moja.

Hakusema neno moja. Alisimama. Akaweka kopo la grisi chini kuwa mpira. Akaeleza jinsi pasi ilivyotoka kulia, jinsi mpira ulivyodunda kwenye udongo mgumu, jinsi beki wao mwenye upara alivyochelewa nusu hatua. Yule beki alikuwa na upara kweli. Heber hakuwahi kumwona. Ni mimi niliyemsimulia habari za upara ule, ndani ya basi, kati ya kituo cha mafuta na mji, huku yeye akivuta skafu kusitiri mashavu. "Nikasema moyoni, kona ya juu," alisema. "Kushoto. Kipa akabaki ameganda kama mlango." Madereva wakapiga makofi.

Mmoja akanigeukia. "Na wewe mzee ulikuwepo?"

"Nilibeba maji," nikasema.

Heber akacheka. "Alibeba vizuri lakini. Bila maji hakuna bao, au siyo Mashoto?" Akanipiga bega.

Alipoondoka nilikuta nimesugua tairi la mtu mpaka nyuzi zinaonekana. Nimelazimika kumpa jingine.

Zimebaki siku arobaini na mbili.

15 Agosti

Nimeota naziba tairi la gari lake kwa misumari.

21 Agosti

Tumeshinda tatu moja, lakini si hilo.

Baada ya mechi nilikwenda kwa Dardo Olivera, Matege, kipa wetu wa 87. Mapafu yake yamekwisha. Anakaa dirishani na mtungi wa oksijeni, na kutoka kitandani hadi dirishani ni hatua sita anazozipumzikia mara mbili. Kati ya wale kumi na tisa wa kwenye basi tumebaki kumi na mmoja. Yeye ndiye niliyemwona anastahili kujua mapema. Nikamwambia mpango wangu wote, nikategemea acheke.

Badala yake akanyoosha mrija wa oksijeni puani.

"Na shirikisho likisikia?" akauliza.

Nikasema nimeisoma kanuni, kifungu cha 58. Aliyechezesha mtu kwa kadi ya mwingine anapoteza mechi, na hakuna kikomo cha miaka. Ubingwa utakwenda Rincón del Molle. Niliyasema kama mtu anayesoma vipimo vya tairi, na hapo ndipo nilipoyasikia kwa mara ya kwanza.

"Mechi ya kupoteza inaandikwa ngapi?"

"Tatu bila."

Matege akatazama ukutani, kwenye picha yake akiwa mchafu wa udongo, glavu mkononi. "Mimi siku ile nilitoka na sifuri," akasema. "Walipiga mara kumi na tisa, Ademar. Ulizihesabu wewe mwenyewe ukaniambia. Kumi na tisa, na sifuri. Nimefanya kazi ya kuchinja ng'ombe miaka thelathini, nimezika mke, watoto wako ng'ambo. Kitu kizima nilichonacho ni sifuri ile. Sasa unataka kuniandikia tatu."

Nikasema si yeye ninayemlenga.

"Najua unayemlenga. Ila mimi nimesimama nyuma yake." Akavuta pumzi. "Kama huwezi kuacha, subiri nife. Haitachukua muda."

Nimetembea hadi nyumbani kwenye manyunyu. Nilikuwa nimehesabu kila kitu isipokuwa yeye.

22 Agosti

Sijafungua kibanda.

23 Agosti

Nimefungua. Matairi tisa. Nery amealikwa kwa maneno yangu, anakuja kwa barua ya klabu, na akimwona Heber atasema. Sina namna ya kumzuia kwa simu bila kueleza. Lazima niende.

28 Agosti

Rincón del Molle. Mabasi mawili, safari ya saa saba na dakika ishirini. Sijakanyaga hapa tangu siku ile. Uwanja umezungushiwa ukuta, lakini goli la kaskazini liko pale pale.

Nery Bentancor ana miaka sitini na minne, anafuga nyuki. Alifungua mlango akanitazama kwa muda usiozidi kuvuta pumzi mbili. Akasema, "Lacuesta. Umezeeka."

Nikamwambia mimi si Lacuesta.

"Najua," akasema. "Ingia, upepo huu unaua."

Alijua tangu mwaka uliofuata, alipomwona Lacuesta wa kweli kwenye televisheni akicheza mji mkuu. Sura nyingine, mwendo mwingine. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Ubingwa ulikuwa wake kwa barua moja tu.

Akamimina maji ya moto kwenye kibuyu taratibu. "Yule beki wetu mwenye upara unamkumbuka? Yule hakuwa mwenye kadi. Na winga wetu wa kulia pia. Sisi tulikuwa nao wawili." Akanipa kibuyu. "Kwa hesabu hiyo nyinyi mlikuwa waaminifu kutuzidi."

Nilicheka hadi nikajimwagia. Yeye hakucheka, alikuwa anasubiri nimalize. Akaniambia kilichomuuma miaka yote ni kitu kingine. Alipokuwa anawasimulia wanawe habari za bao lile, alilazimika kutaja jina la mtu ambaye hakumfunga. Akaniuliza langu. Nikamtajia. Akalirudia mara mbili, taratibu, jina na ukoo.

Nikamweleza habari za Matege na sifuri yake. Akaelewa kabla sijamaliza, yeye ni kipa. Akasema basi hatasema kitu. Kisha akauliza, "Lakini huyo bwana ndiye atakayepiga, mimi nikiwa golini?"

"Ndiye."

"Ana mguu wa kushoto?"

Hapo, wasomaji kama mtakuwepo, moyo wangu uliruka kama wa kijana. Nilifuata habari zake magazetini misimu tisa. Mabao kumi na saba: kumi na manne kwa kulia, matatu kwa kichwa. Mguu wake wa kushoto ni wa kusimamia tu. Na gazeti letu la 1987, lililoko ukutani klabuni ndani ya fremu, limeandika kwa herufi nene: KOMBORA LA KUSHOTO.

Tumekaa hadi asali ya kwanza ya msimu ikaisha kwenye kisahani.

4 Septemba

Matege nimemwambia sifuri yake iko salama. Akauliza nimemsamehe Heber? Nikasema hapana. Akasema vizuri, alianza kuogopa kwamba naumwa.

11 Septemba

Tumefungwa. Mto unashuka. Jukwaa limepakwa rangi.

18 Septemba

Nimepima mwenyewe hatua ishirini na tatu na kuweka jiwe jeupe. Bi Nélida amesema sijawahi kuisaidia klabu kwa bidii namna hii.

25 Septemba

Jua. Watu 1,412 kwa tiketi, na wengine juu ya malori.

Mwenyekiti alisema yake, kibao kikafunuliwa, Heber akalia kidogo, kwa jicho moja. Akavua koti. Chini alikuwa amevaa jezi yetu ya zamani, namba nane, mpya kabisa. Nery akaingia golini na glavu zake za 1987, makofi yakawa makubwa. Kisha, kama tulivyopanga, akamwomba Bi Nélida kipaza sauti.

Akasema kwa upole kwamba amesafiri kilomita 340 ili afungwe kama alivyofungwa. Ana ombi moja kama mgeni. "Siku ile Bwana Lacuesta alinifunga kwa mguu wa kushoto. Nisingependa kufungwa kwa mguu nisioujua."

Watu wakaanza kuimba, kushoto, kushoto. Heber akacheka na kuinua mikono. Akanitafuta kwa macho. Nilikuwa kando ya mstari, nyuma ya kiti cha Matege. Nikapiga makofi pamoja na wengine, kwa kufuata mdundo.

Shuti la kwanza alipiga udongo. Mpira ukasogea hatua tisa ukasimama. Watu wakacheka kwa mapenzi. La pili lilitoka pembeni, ukawa mpira wa kurusha. La tatu aliteleza akakaa chini, na jezi mpya ikapata udongo wake. La nne, Nery akatoka golini, akaenda kuusindikiza mpira kwa mguu hadi mikononi mwake kama mtu anayerudisha mbuzi zizini. La tano, Nery alilala ubavu, mkono shavuni. Sasa mji mzima ulikuwa unahesabu kwa sauti. Karibu na mimi mama mmoja akamwambia mumewe, "Huyu alifungaje, upepo?" Mume akamwambia anyamaze, na yeye mwenyewe akawa amekunja uso, anafikiri.

La sita. La saba akalipiga kwa kulia, likaingia, na watu 1,412 wakapiga miluzi mpaka akarudi kwenye jiwe. La nane sitalieleza.

Akachukua kipaza sauti akasema mguu umezeeka. Matege alicheka hadi nikamfungulia mtungi zaidi. "Nane," alisema akitafuta pumzi. "Nane na sifuri, tena amelala. Hata mimi sijawahi."

Wakati wa nyama Heber alinikuta kwenye moto, nageuza mbavu. Suruali yake ilikuwa na majani. Kwa karibu rangi ya nywele ilikuwa imemshukia kwenye paji la uso kwa jasho. Akasema, "Ni wewe uliyemleta."

"Kamati. Saba kwa sifuri."

"Unataka niseme? Naenda pale sasa hivi, nasema lilikuwa lako." Alikuwa ameshageuka kuelekea kipaza sauti, na nikaona alikuwa anamaanisha. "Ademar, mimi nimelisimulia mara nyingi hadi naliona. Nikifumba macho namwona yule mwenye upara. Leo nimesimama kwenye jiwe nikashangaa mguu haukumbuki."

Ningeulizwa Julai, ningempeleka mwenyewe kwenye kipaza sauti nikimvuta sikio. Nilimtazama Matege, kule kwenye kivuli cha jukwaa, Nery amekaa karibu naye, wanaonyeshana vidole vilivyovunjika.

"Ukisema, yule pale anapoteza sifuri yake," nikamwambia. "Kwa hiyo hutasema. Leo wala kesho. Bao ni lako, Heber. Kaa nalo."

"Kwa hiyo yameisha."

Nikampa ubavu, ule wenye mfupa mkubwa. Sikumjibu, kwa sababu sijawahi kumdanganya.

30 Septemba

Mkutano mkuu wa wanachama. Waliohudhuria 64. Kwenye mengineyo nikaomba kusema, mara yangu ya kwanza tangu 1994. Nikasema sherehe ilipendwa mno, tiketi zilikwisha, na ni aibu bao la ubingwa kubaki halijarudiwa. Nikapendekeza iwe desturi ya klabu: kila mwaka, Jumapili ya ubingwa, Heber Lacuesta aje apige kutoka kwenye jiwe jeupe, kwa kushoto, hadi siku litakapoingia.

Ukumbi ulisimama. Kura 63, na Bi Nélida hakupiga kwa sababu alikuwa anaandika, ingawa niliona anaficha mdomo kwa daftari. Walimpigia Heber simu pale pale, wakaiweka sauti nje. Kwa sauti ya mtu mwenye jukwaa lenye jina lake, akawashukuru na kusema atakuja.

Ana miaka hamsini na minane. Baba yake alifika tisini na moja.

Zimebaki Jumapili thelathini na tatu.